Mwenye Kiraka cha Mvi

Kinyozi alikuwa mtu wa visogo. Majina yalimponyoka, nyuso zilimchanganya, lakini mwonyeshe kisogo cha mtu aliyemnyoa mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, atakwambia huyo ni nani, anafanya kazi gani, na kama anapenda poda shingoni au hapendi. Alijisifia kipaji hicho mchana kutwa, na hakuna aliyembishia, maana kilikuwa kweli tupu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kimoja. Kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja kikubwa ukutani, na chini ya kioo meza nyembamba ya mashine mbili, chupa ya spiriti, brashi na kopo la poda. Kwenye msumari palining'inia kioo kidogo cha mkono, cha kumwonyesha mteja nyuma kazi ikiisha. Kando kulikuwa na benchi la wanaosubiri. Na nyuma kabisa, kona ya mlangoni, kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto uliochakaa. Hicho kilikuwa cha mama yake.

Mama alikaa kwenye kiti hicho miaka tisa. Alianza kuja wiki chache baada ya msiba wa mkwe wake, akisema nyumbani kumepooza, na hakuacha tena. Kazi yake ilikuwa kukunja taulo. Taulo zenyewe zilikuwa sita. Sasa jamani, nani anakunja taulo sita kuanzia asubuhi hadi jioni? Kazi ya kweli ya bibi yule ilikuwa kusikiliza. Mtu akishawekewa shuka shingoni na mashine ikianza kuunguruma, hufunguka mwenyewe, kana kwamba siri zake zilikuwa kwenye nywele. Mmoja anasema kazi imekwisha. Mwingine anasema mtoto hajarudi. Mama yuko kule nyuma, anakunja taulo na kukunjua, na daftari liko mapajani.

Majina hakuandika. "Mtu ukimuuliza jina," alikuwa akisema, "kesho atakuonea aibu. Mungu anawajua." Kwa hiyo aliandika vichwa. Kichwa Papai: mkewe arudi. Anayelala Kitini: apate kazi. Masikio Mapana: aache pombe, hii ni mara ya nne, Bwana, usichoke. Kila Jumatatu alifungua ukurasa mpya na kuwaandika upya wote ambao bado walikuwa wanasubiri. Ombi likijibiwa, alitoa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: asante. Na alikuwa na sheria moja, kali kuliko za mahakama: kilichomo daftarini hakisemwi kwa mtu. Kinakwenda juu, basi.

Kinyozi mwenyewe mambo ya juu hakuyataka. Yeye na Mungu walikuwa wamenuniana miaka tisa. Au tuseme ukweli, yeye ndiye aliyenuna. Mke wake alipougua aliomba siku arobaini, akafunga, akapiga magoti hadi yakaota sugu, na mke akafa vilevile, siku ya Alhamisi. Jioni ile, nje ya kanisa, alitazama juu akasema, "Mimi na Wewe basi." Hakusema tena neno. Mama akienda ibada yeye anafagia nywele. Mchungaji akipita dukani anamnyoa, anampaka poda, anamuuliza habari za mpira.

Mama alipofariki, usingizini, bila kumsumbua mtu, kinyozi alisimama pembeni ya kaburi mdomo umefungwa, wengine wakiimba. Daftari wakalichukua akina mama wa maombi wa kanisa, ili wagawane watu wa marehemu na kazi iendelee. Kinyozi akasema moyoni, hewala, mzigo umeondoka.

Haukuondoka. Miezi miwili baadaye mwenyekiti wa akina mama wale, mama mmoja mnene, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, aliingia dukani na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mama," kinyozi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi."

"Unanyoa?"

"Usinitanie." Aliketi kwenye kiti cha kona bila kukaribishwa, akafungua daftari. "Sisi tumeshindwa. Mimi wiki mbili nzima namwombea Kichwa Papai. Simjui ni nani. Nikikutana na watu sokoni nawatazama vichwa, mpaka bwana mmoja akadhani namtaka."

Kinyozi alicheka hadi akaweka chini mashine aliyokuwa akiisafisha. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. "Kichwa Papai ni yule..."

"Nyamaza!" Mama mwenyekiti alinyoosha kidole. "Siri ya marehemu ni siri. Sikuja kuuliza ni nani. Nimekuja kusema hivi: anayewajua hawa watu ni mmoja tu aliyebaki duniani, na ndiye huyo awaombee."

Loo! Kinyozi aliona alivyoingia mtegoni kweupe. Akajikaza. "Mama, kwa heshima zote, unajua mimi na Mungu hatusemezani."

"Kwani wewe ndiye unayeombewa?" mama yule alisema, anafunga mfuko wake. "Wewe unapeleka ya watu. Tarishi haulizwi kama anampenda mwenye ofisi. Anapeleka barua, anaondoka. Mwanangu, Mungu akikusikia wewe, si kwa uzuri wako, wala mimi hanisikii kwa uzuri wangu. Yupo Mmoja aliyekwisha kuifungua hiyo njia kwa damu yake, na anatuombea sote. Sisi tunapita tu mle mle alimopita." Akanyanyuka, akaliacha daftari juu ya mto. "Kila mchana. Dakika kumi. Kwaheri."

Basi kinyozi akawa tarishi. Hakutaka, lakini lile daftari lilikaa pale kwenye mto likimtazama, na mwandiko ulikuwa wa mama yake. Kila mchana wateja wakipungua aliliinua, akasimama katikati ya chumba, macho wazi, mkono mmoja mfukoni, akasoma kwa sauti kavu. "Anayelala Kitini anaomba kazi. Masikio Mapana, pombe. Kichwa Papai, mkewe arudi. Mimi nafikisha tu. Sina langu." Kisha akafunga daftari, akarudi kwenye mashine. Alijiona mjanja kweli. Alikuwa anaingia ofisini kwa Mungu kila siku na hajamwamkia.

Shida ya kazi hiyo ni kwamba huwezi kumtaja mtu kila siku na ukabaki humjali. Wiki ya pili alijikuta anamuuliza Masikio Mapana, kwa upole usio wa kawaida yake, "Umekula leo?" Wiki ya tatu Anayelala Kitini aliingia na shati jipya lenye nembo ya kampuni, akakaa macho mwanzo mpaka mwisho, anasimulia kazi yake mpya. Alipotoka, kinyozi alitafuta kalamu nyekundu. Aliandika asante kwa herufi ndogo, kwa hasira kidogo, kama mtu anayetia saini kwamba amepokea barua ya mtu mwingine. Lakini aliandika.

Mambo mawili yalimkera lakini, na hayo ndiyo yaliyomnyima raha.

La kwanza: yeye mwenyewe hakuwamo. Alilipekua daftari lote. Akaenda nyumbani, akafungua sanduku la mama, akatoa madaftari mengine saba ya miaka ya nyuma, akayapekua yote. Alitafuta Mwenye Kovu la Nyusi, maana ana kovu kwenye nyusi. Alitafuta Paji Pana. Hakuna. Mzoa takataka yumo. Muuza magazeti aliyekuja mara mbili tu maishani mwake yumo. Mtoto wa kumzaa mwenyewe hayumo! Alikaa kitandani na madaftari yamemzunguka, akaumia hasa. Alisema kwa sauti, "Ala! Kumbe mama ulinikatia tamaa." Na yule mwanaume mzima akafuta machozi kwa shuka.

La pili lilimwongezea chumvi kwenye kidonda. Juu ya kila ukurasa, kabla ya Kichwa Papai, kabla ya wote, mstari wa kwanza ulikuwa uleule: Mwenye kiraka cha mvi kisogoni, ukubwa wa kifungo cha shati. Apatane na Wewe. Jumatatu hadi Jumatatu, daftari hadi daftari, miaka tisa. Na mbele yake hakukuwa na asante hata moja.

Kinyozi alimwonea mtu huyo wivu wa waziwazi. Ni nani huyu aliyemchosha mama yangu kwa maombi hivi? Na kilichomtia aibu ya ufundi ni kwamba hakumjua. Yeye, bingwa wa visogo! Akaanza msako. Kila mteja aliyeketi, kabla ya kuuliza "tupunguze au tutoe zote," alimzungusha kiti na kumchambua nyuma kama daktari. Aliona makovu, mikunjo, chunusi, vipara vya kuanzia. Kiraka cha mvi hakukiona. Kuuliza hakuweza, maana sheria ya daftari aliiheshimu hata kama mwenye sheria alikuwa kaburini. Wateja wakamtazama kwenye kioo kwa wasiwasi. "Fundi, kuna nini huko nyuma? Niambie tu, nina moyo."

"Hakuna kitu. Kaa vizuri."

Jumanne moja, baada ya mchana, duka likiwa tupu, aliingia dereva wa lori. Mama alimwandika Mishono Saba, kwa sababu ya kovu juu ya sikio, la siku mlango wa lori ulipomgonga akashonwa nyuzi saba. Mtu wa kelele, kwa kawaida. Akiingia hata mtaa wa pili wanajua. Siku hiyo aliketi kimya. Alitazama kiti cha kona, akatazama mikono yake.

"Mama yako alikuwa akiniombea," alisema. "Nilijua. Hakuwahi kuniambia, ila nilijua."

Kinyozi alimfunga shuka. "Sema."

"Mke wangu anapasuliwa Alhamisi. Uvimbe tumboni. Wanasema huenda ni kitu kidogo, huenda si kidogo. Hawajui mpaka wafungue." Aligusa kovu lake. "Nasikia daftari unalo wewe. Basi naomba umwandike."

"Nitamwandika."

"Na uombe hasa, fundi. Si kusoma tu. Maana mimi mwenyewe sitakuwepo. Kesho alfajiri naondoka na mzigo, narudi Jumamosi."

Mashine ilikuwa imekwisha kugusa nywele. Kinyozi akaiondoa.

"Unakwenda wapi?"

"Safari. Bosi ameng'ang'ania. Na tuseme ukweli, hata nikikaa pale nitafanya nini? Mimi si daktari. Nitakaa kwenye benchi natafuna kucha. Yeye mwenyewe ameniambia nenda tu. Ila..." Dereva alitabasamu vibaya. "Jana usiku aliniambia, ungekaa kidogo. Halafu akasema hapana, nenda, natania."

Kinyozi alizima mashine. Aliiweka mashine mezani taratibu.

"Usiende," alisema.

"Fundi, bosi..."

"Usiende, nakwambia! Nisikilize." Sauti ilimpasuka. Alizunguka akasimama mbele ya kiti, kati ya dereva na kioo. "Mke wangu alikufa Alhamisi. Watu wote wanajua niliomba siku arobaini, ndiyo hadithi ninayoitoa. Ninayoificha ni hii. Asubuhi ile aliniambia, kaa kidogo leo. Maneno hayohayo. Nilikuwa na bwana harusi na wapambe wake sita, nimewaahidi. Nikamwambia narudi saa sita. Na nikwambie ukweli, si ahadi iliyonitoa nyumbani, wala si bwana harusi. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kunusa dawa, nimechoka kumwona anakonda, nilitaka nisikie vicheko nusu siku. Nikanyoa vichwa saba, nikacheka. Narudi, nakuta uso umefunikwa. Muuguzi aliyekuwa naye akaniambia, aliuliza mara mbili, yuko wapi? Yuko wapi? Nami sikuwepo."

Dereva aliishika mikono ya kiti.

"Miaka tisa namkasirikia Mungu," kinyozi alisema, machozi yanamshuka, hayafuti. "Nimemwita mwongo, nimemwita kiziwi. Kumbe ilikuwa rahisi kumnunia Yeye kuliko kujitazama mimi. Siku nikianza kuzungumza naye, najua atakachoniuliza. Ndiyo maana sizungumzi."

Ndivyo siri ilivyomtoka, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyenyolewa mstari mmoja tu juu ya sikio. Aliibeba miaka tisa na hakumwambia hata mama yake. Alishusha pumzi, akashangaa kwamba bado amesimama.

Dereva alichomoa mkono chini ya shuka, akatoa simu. Alipiga hapohapo. "Bosi, mimi siendi. Hapana. Tafuta mtu. Nimesema siendi, kama ni funguo nitazileta jioni." Akakata. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka usoni. "Haya," alisema. "Sasa niombee."

Sasa hapo ndipo kinyozi alipokwama. Kusoma kwa sauti kavu, mkono mfukoni, aliona hakuwezekani tena. Aligeuka akaielekea meza, akashika kingo zake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa hadi paji likakaribia kopo la poda. Na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alifumba macho.

"Bwana," alisema, kisha akaanza upya. "Bwana, habari za siku nyingi."

Alimwombea mke wa dereva. Aliomba bila kupanga maneno, kama mtu anayemweleza daktari mlangoni: huyu mama ana uvimbe, anaogopa, ana mume mwenye kelele lakini mwema, mwongoze mpasuaji, mshike mkono akilala, mshike akiamka. Aliomba kwa nguvu na kwa uhakika uliomshangaza, maana uhakika huo hakuwa nao alipoingia asubuhi. Hakuwa anambembeleza mtu aliyeko mbali. Aliyekuwa anasemeshwa alikuwa humohumo chumbani, na wala hakuwa amenuna.

Na kwa kuwa alikuwa ameizoea ile orodha, ulimi ukamteleza hadi kwenye mstari wa kwanza.

"Na yule mwenye kiraka cha mvi kisogoni, Bwana. Ukubwa wa kifungo cha shati. Simjui. Nimemtafuta kwenye vichwa vyote vya mji huu. Mama yangu amemsimamia miaka tisa, na mimi nimemwonea wivu, nisamehe. Sijui alikukosea nini. Lakini kama amenuna, mbembeleze. Kama anaona aibu, mwambie aibu hiyo Mwanao alikwisha kuibeba msalabani, asiibebe mara ya pili. Mwambie mlango hukuufunga Wewe. Mpokee, Baba. Mrudishe nyumbani. Namwombea kama ambavyo ningependa mama aniombee mimi. Amina."

Dereva hakuitikia amina. Alikohoa.

"Fundi."

"Naam."

"Huyo uliyemwombea mwisho ni nani?"

"Sijui. Halafu ni siri ya daftari. Sikupaswa hata kumtaja mbele yako."

"Siri gani, nawe kisogo umenigeuzia mimi?"

Kinyozi aliinua kichwa. Kwenye kioo kikubwa alimwona dereva ameinuka kitini, shuka bado limening'inia shingoni, amekichukua kioo cha mkono kwenye msumari. Alikuja akasimama nyuma yake, akakiinua, kama kinyozi anavyomfanyia mteja kazi ikiisha.

"Tazama. Sisi sote tunakijua. Tukikaa kwenye benchi tunakitazama saa nzima. Tulidhani unakijua."

Kinyozi alitazama. Kilikuwepo. Chini kidogo ya utosi, katikati ya nywele nyeusi zilizokatwa chini, kiduara cheupe pe, ukubwa wa kifungo cha shati.

Aliyekuwa akimpunguza nyuma na kumshikia kioo alikuwa mke wake. Tangu afe, alijinyoa kwa kupapasa, na mvi mkono hauzihisi. Miaka tisa alisimama pale akiwapa uso wateja, na kisogo akiigeuzia kona ya mlangoni. Na kule konani alikaa mama mmoja na taulo zake sita. Alichokiona mchana kutwa ni kisogo cha mwanawe, na kile kiraka kilichoota mwezi ule wa msiba. Hakumwandika "mwanangu," maana daftari lake halikuwa na majina wala undugu. Alimwandika kama alivyomwandika kila mtu, kwa kichwa. Akamweka wa kwanza.

Aliketi chini sakafuni, juu ya nywele za watu, akalia kwa sauti, na katikati ya kilio kicheko kikampasuka.

"Ni mimi," alisema. Hakuwa anamwambia dereva. "Baba, ni mimi. Huyo niliyemwombea ni mimi! Hata mimi mwenyewe nimejiombea bila kujua. Haya, nimekuja. Nisamehe. Nilimwacha mke wangu peke yake, nikakusingizia Wewe. Nisamehe."

Dereva naye alikaa chini na shuka lake. Mteja aliyefika mlangoni wakati huo aliwaona wanaume wawili wazima sakafuni wanalia na kucheka, mmoja amenyolewa upande. Akasema atarudi kesho.

Alhamisi kinyozi alifunga duka. Walikaa kwenye benchi la hospitali, yeye na dereva, mkabala na mlango mweupe wenye kioo cha ukungu. Dereva alitafuna kucha kama alivyoahidi. Upande wa pili wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa vizuri sasa. Bosi alikuwa amepata dereva mwingine wa safari ile, na alikuwa ametukana kweli, lakini ya bosi yaliachwa kwa bosi.

Saa moja ilipita, na nusu nyingine. Kinyozi alifungua daftari mapajani. Ilikuwa bado wiki ileile, ukurasa uleule aliouandika Jumatatu kwa mkono wake, akiufuata mtindo wa mama. Mstari wa kwanza ulikuwa pale. Akatoa kalamu nyekundu.

"Ngoja kwanza," dereva alinong'ona. "Hatujui wamekuta nini."

"Huu si wenu," kinyozi alisema. "Huu ni wangu. Haungojei mlango."

Akaandika asante. Aliiandika kubwa, ikatoka nje ya mstari, ikamwingilia Kichwa Papai. Alijua kwamba hata mlango ule ukifunguliwa kwa habari mbaya, yeye hatasimama tena nje ya kanisa na kusema basi. Atakaa hapa hapa kwenye benchi, atalia na mwenzake, na atazungumza na Baba yake.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alitoka, barakoa ameishusha kidevuni, akawatazama wote wawili.

"Mgonjwa ameamka. Wameutoa wote, na mpasuaji anasema hauonekani mbaya. Nani mume wake? Anauliza, yuko wapi? Yuko..."

"Nipo!" dereva alipiga kelele, mpaka korido nzima ikageuka. Alikwisha simama. "Mwambie nipo! Nipo hapa!"